Pembe ya sala mu nyumba ya mbao, na mama mukwe anasema ni masanamu. Munishauri

mama_mapasa (Goma, Keshero)

Bonjour bayaya na bandugu bote. Niko na swali na naomba musinicheke, juu hapa kwetu inakaribia kuleta fujo.

Siye tuko mu nyumba ya mbao, ya kukodi, salo moja na bichumba bibili. Mimi ni Mukatoliki tangu tumbo ya mama. Bwana yangu alikomelea mu ibada ya kipentekoste lakini yeye mwenyewe siku hizi anasali pale anapata nafasi. Tulioana tukapatana kila mutu kwake, batoto batajichagulia, na miaka sita yote hakukuwa kelele. Sasa mwezi wa nane mama yangu alihamia kwa dada yangu Butembo, akaniachia sanamu yake ya Bikira Maria. Si kubwa, urefu wake ni kama chupa ya bia ya Primus (munisamehe kulinganisha), lakini iko na historia. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, wakati volkano ilishuka, siye tulikuwa tunaishi mu mutaa ya Mapendo. Mama alitoka mu nyumba na mudogo wangu ku mugongo, mimi alinishika mukono, mukono ingine alibeba chungu ya maharagwe yenye ilikuwa bado ku makala, na ile Bikira alikuwa ameifunga mu kitenge ku tumbo kama mimba. Nyumba haikubakia ata musumari. Sanamu iko na pua yenye ilivunjika juu tulianguka nayo mu njia ya Gisenyi, na mama hakukubalia mutu airekebishe.

Nataka kuitengenezea pembe mu salo. Kameza, kitambaa, Biblia, rozari, maua kidogo, buji (mushumaa). Tena nataka foto ya papa, baba yangu muzazi, alikufaka 2019, na ile picha ya Mwenyeheri Floribert yenye banatupatia ku parokia.

Sasa mama mukwe yuko kwetu tangu mwezi uliopita, alikuja kutunza goti. Siku nilitoa sanamu mu karto alinyamaza tu. Usiku nikasikia anaambia mwana wake, mumeingiza mungu wa udongo mu nyumba yenye bajukuu yangu banalala. Ni mama muzuri, ananipenda, ananisaidia na mapasa (mapacha) yangu, siwezi kumujibu na sitaki kumujibu. Bwana anasema weka, lakini usitafute makelele. Basi naweka namna gani bila makelele?? Na foto ya papa inaweza kukaa pembeni ya Bikira ao ni kosa? Na buji mu nyumba ya mbao munaionaje? Aksanti.

fundi_birere

Mama mapasa, mambo ya dini naachia benye balisoma, mimi nasema tu ya mbao.

Nyumba nyingi hapa zinajengwa na mbao ya mikalatusi, na kisha kiangazi inakuwa kavu sawa biskwiti. Ndani watu banabandika karto ao shitingi ya plastiki sababu ya upepo, juu ya ile wanatundika pazia, na pale chini ya pazia njo mama anaenda kuweka buji 😬 Jaribu siku moja weka mukono juu ya buji, si pembeni, juu, urefu wa mukono muzima, utasikia joto yenye inapanda. Moto ni kadogo lakini joto haiko kadogo. Kwa hiyo juu ya buji kusikuwe kitu, ata etajere ya pili, ata maua ya plastiki.

Chukua mukebe wa maziwa ya unga, jaza muchanga wa volkano ule mweusi, tuko nao bure mu parsele zote, simamisha buji mu ule muchanga mpaka katikati. Ikianguka inakufia mule mule. Na ukitoka mu salo, uizime. Usiseme narudi sasa hivi, ile "sasa hivi" njo inaunguza watu.

Na kama unataka shauri ya bure ya fundi: usitengeneze meza, tengeneza kabati. Kadogo ka kutundika ku ukuta, kenye milango mibili ka kufungua na kufunga. Ukisali unafungua, Bikira anatokea, milango inakuwa sawa mabawa. Ukimaliza unafunga. Vumbi ya Goma unaijua, ile nyeusi inaingia ata mu sahani yenye imefunikwa, na mapasa yako na mikono. Chini ya sanamu uache kakingo ka vidole bibili, juu lori ikipita ku barabara nyumba ya mbao inacheza na kitu kinatembea polepole mpaka kinaanguka. Mbao ya libuyu ingekuwa muzuri zaidi lakini bei yake sitaki kukupigia presha.

binti_kadutu (Bukavu)

Naunga mukono fundi kabisa. Siye ku Kadutu moto si hadithi, nyumba zimebanana mpaka jirani akipiga chafya unamujibu, ikiwaka moja zinawaka kumi na magari ya kuzima moto hayana njia ya kupita. Avenyu yetu iliungua sababu ya buji ya mwanafunzi mwenye alikuwa anasoma usiku umeme ikiwa imekatika, alilala na kitabu. Hakuna mwenye alikufa, Mungu alitulinda, lakini tangu siku ile mama yangu ku pembe yake ya sala anaweka taa ndogo ya sola. Anaichaji muchana ku dirisha, mangaribi anaiwasha mbele ya Moyo Mutakatifu. Buji ya kweli tunawasha tu usiku wa Noeli na wa Pasaka, wote tukiwa tumeikalia macho. Mwanzoni niliona ni kama kumudanganya Mungu na betri lol lakini unazoea.

ndugu_wa_ibada

Shalom. Sitaki vita hapa, nasema kwa upendo. Mama mukwe hana roho mubaya, anasoma Kutoka 20:4, usijifanyie sanamu ya kuchonga, wala mufano wa kitu chochote. Mutu mwenye alikomelea na ile neno hawezi kulala vizuri pembeni ya sanamu, ata kama wewe unajua moyoni huiabudu. Yesu mu Matayo 6:6 anasema ingia mu chumba chako, funga mulango, usali. Hakusema weka meza, weka maua. Kama unataka kukumbuka volkano na mama, weka mu sanduku yako na historia utawahadisia batoto. Sala haina haja ya deko.

binti_kadutu

Ndugu wa ibada, shalom na wewe, swali moja tu bila vita. Ku mulango wa nyumba yako, kwa juu, kumebandikwa nini?

ndugu_wa_ibada

Hahaha. Kuko stika. "Nyumba hii imefunikwa na damu ya Yesu."

binti_kadutu

Mu salo je? Kalendari yenye iko na sura ya nani? Na ile chupa ya mafuta ya upako iko juu ya televizyo ao juu ya frigo? 😂😂

ndugu_wa_ibada

Kalendari ni ya tarehe weee! Stika niko na andiko, Kumbukumbu la Torati 6:9, uyaandike juu ya miimo ya mulango. Chupa ya mafuta... pale umenipata kidogo. Bibi yangu njo aliiweka, na ni kweli hakuna mutu mu nyumba anayeweza kuisogeza bila kumuomba ruhusa. Nitafikiri.

muzee_katekista

Mwanangu mama mapasa, pokea salamu. Nilifundisha katekisimu miaka mingi, sasa macho yamechoka, ninasema na mjukuu anaandika, mukiona makosa ni yake. (mjukuu: si yangu, muzee anasema mbio)

Jambo la kwanza, hilo neno ulikuwa na akili kutolitumia, endelea hivyo hivyo. Umesema pembe ya sala, hukusema altare, yaani madhabahu. Watu wengi wanasema "nimejenga altare nyumbani" na hapo ndipo shida inapoanza. Altare ni ya kanisani, ni mahali pa sadaka ya Misa. Halafu kwa ndugu zetu wa uamsho neno madhabahu limekuwa na sumu, kila usiku wa maombi wanahubiri kuvunja madhabahu za ukoo, madhabahu za mababu. Mama mukwe akisikia mukaza-mwana wake amejenga madhabahu mu salo, yeye hasikii Maria, anasikia mambo ya usiku. Usibishane naye juu ya sanamu, ubadilishe kwanza kile anachosikia. Pembe ya sala. Katekisimu ya Kanisa yenyewe, namba 2691, inazungumza juu ya pembe kama hiyo nyumbani, yenye Maandiko Matakatifu na picha takatifu, ili kusali pamoja. Kumbuka, Maandiko yanatajwa mbele ya picha.

Kwa hiyo katikati weka Biblia. Wazi, si imefungwa na kukaliwa na vumbi. Halafu mwombe mama mukwe akuchagulie somo la kufungua. Usimwombe kama mtego, umwombe kweli, maana hao mama wa ibada Biblia wanaijua kuliko sisi, tusidanganyane. Msalaba juu, Bikira kwa upande, chini kidogo. Kitambaa ukiweza ufuate rangi za Kanisa, zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyeupe kwa Noeli na Pasaka, nyekundu Pentekoste, kijani siku nyingine. Mapasa watajifunza mwaka wa Kanisa kwa macho hata kabla ya kujua kusoma. Mimi nilikuwa nakata vitambaa vyangu mu mabaki ya fundi wa nguo, sikununua hata kimoja.

Ndugu wa ibada amenukuu Kutoka 20 na hakukosea. Lakini asome mbele kidogo, Kutoka 25, Mungu yule yule anamwamuru Musa achonge makerubi wawili wa zahabu juu ya sanduku la agano. Basi shida haikuwa kuchonga, shida ilikuwa kuabudu. Kanisa liligombana sana juu ya hili, watu walivunja picha na wengine waliteswa, mpaka Mtaguso wa Nikea wa pili mwaka 787 ukasema heshima inayopewa picha inapita kwenda kwa yule aliyechorwa. Kama wewe ukishika foto ya papa yako, haushiki karatasi.

Tumefika kwa papa. Hakuna amri inayokataza foto yake, lakini mimi ningekuambia usimuweke katikati ya Bikira na Floribert. Watakatifu tunawaomba watuombee. Papa yako tunamuombea, hiyo ni njia tofauti. Ukiwapanga safu moja, mama mukwe ataona mizimu, na hata wewe siku moja utajikuta unamuomba papa yako alete pesa ya kodi. Mtundike kwenye ukuta mwingine, karibu na mlango, mahali anaona wanaoingia na wanaotoka. Mwezi wa kumi na moja, mwezi wa marehemu, unaweza kumshusha na kumleta karibu na Biblia, mnamuombea kwa jina, halafu anarudi mahali pake.

Floribert, huyo ni wetu wa Goma, na wengi wanabandika picha bila kujua. Kijana alifanya kazi mpakani kwenye kukagua bidhaa, akakataa rushwa ya kupitisha chakula kibovu, wakamwua mwezi wa saba 2007, alikuwa na miaka 26. Akatangazwa mwenyeheri Roma, Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, tarehe 15 mwezi wa sita 2025. Kabla ya siku hiyo haikuruhusiwa kumchora na duara ya mwanga kichwani. Nasema hivi kwa sababu binti wa Bukavu yuko hapa, na kule nyumba nyingi zina picha ya Askofu Mkuu Munzihirwa, aliyeuawa tarehe 29 mwezi wa kumi 1996. Yeye bado hajatangazwa. Mtu anaweza kumuomba kimoyomoyo, anaweza kuweka picha, lakini bila ule mwanga na bila kumpandisha altare ya kanisa. Kanisa haliendi mbio. Sista Anuarite aliuawa Isiro mwaka 1964, akangoja kutangazwa mwenyeheri hadi tarehe 15 mwezi wa nane 1985.

Pua ya Bikira iache. Kitu kitakatifu kikivunjika kabisa, hakitupwi mu takataka, kinachomwa au kinazikwa ardhini, lakini pua haijaua mtu. Umpelekee padri abariki, kama mama yako hakuwahi. Na hata ikibarikiwa haikuwi hirizi, hilo mama mukwe akilisema ana haki, wako Wakatoliki wanaoweka maji ya baraka mu kona nne za nyumba kama wanatega panya.

(mjukuu: amelala. ameniambia niandike pia matawi ya Jumapili ya Matawi yasikae miaka kumi nyuma ya msalaba, yarudi parokia mbele ya Jumatano ya Majivu yachomwe, ndiyo yanakuwa majivu)

abu_himbi

Asalaam aleykum. Sikuwa nataka kuingia lakini nimecheka na ile ya panya. Siye kwetu hakuna picha wala sanamu, na bado niko na pembe. Ni mkeka tu, kabati ya msahafu kwa juu, na misumari ya kutundika kofia ya batoto. Mutume, rehema na amani zimufikie, alifundisha tusali sala zingine nyumbani, tusifanye nyumba zetu kuwa makaburi. Ile neno inanigusaka sana.

Kitu chenye watu hawajui, kwa sisi wa Goma kibla iko kaskazini, inaegemea kidogo mashariki. Maana yake mimi nikisimama ku mkeka, Nyiragongo, ile mulima ya volkano, iko mbele yangu, kidogo tu mukono wa kushoto. Usiku kukiwa na mwangaza mwekundu kule juu, dirisha inaonesha. Sijui mu muji gani ingine mutu anasali akiangalia kitu chenye kilishaunguza nyumba yake mara moja. Siye 2021 Buhene tulipoteza yote.

Ushauri wangu kwa dada ni mufupi. Mahali pa sala pakuwe pasafi na pasipitwe na viatu, ata mukwe wa dini gani akiona usafi anaheshimu. Mama mukwe wangu mwenyewe ni Mukatoliki, akija kututembelea anavua viatu mbele ya mkeka bila mutu kumwambia.

mwana_lushi (Lubumbashi, Kamalondo)

Bajamaa ba Kivu, mambo. Mi niko huku Lushi na minasoma hii mambo yenu tangu asubui, kazi haiende.

Muzee katekista amesema bya mababu kwa kupita tu, acha niongeze kidogo. Babu yangu alikuwa Muhemba, ku upande ya Kongolo. Zamani kwetu mukubwa wa ukoo alikuwa anachongewa sanamu ya muti, jina yake singiti. Mutu amesimama, mikono mibili ku tumbo, macho kama anasinzia, ndevu zimepangwa. Haikuwa ya kila mutu, ilikuwa ya babu mwenye ardhi na jina bilitokea kwake, na ilikaa mu kanyumba kayo, mukubwa anaenda kuongea nayo pale kuko shida ao pale kuko bishano ya shamba, juu ile sanamu njo ilikuwa hati ya ardhi. Babu alisema mbele ya kubatizwa baliambiwa batoe yote. Zingine zilichomwa. Zingine zilikuja kuuzishwa na leo njo ziko mu bioo bya museo huko Ulaya, watu banalipa tikiti kuziangalia. Mi sisemi turudie. Minasema tu, ile siku ukisikia mama fulani anaogopa sanamu mu nyumba, usiwaze tu Biblia. Kuko woga ya zamani mule ndani, bazazi bake balivunja bitu kwa mikono yabo benyewe na baliambiwa bikirudi bitarudi na hasira. Mama mukwe wako anaogopea bajukuu, haogopee Maria.

Kitu ingine. Huku kwetu ku meza ya sala utakuta musalaba ya malakita (ile jiwe ya kijani) ama ya shaba ya kufuliwa, tunazawadiana ku ndoa. Na watu wengi banatundika handa, ile musalaba ya shaba yenye mikono minne sawasawa, banawaza ni ya Yesu. Hapana! Ile ilikuwa pesa, mababu balikuwa banalipia nayo mahari na bitu ya soko mbele Wazungu hawajafika. Haina kosa kuitundika lakini ujue unaangalia pesa wakati unasali 😅

Na ukipata siku moja musalaba ya malakita usiisafishe na ndimu!! Shaba unaweza, ndimu na chumvi inangaa kabisa. Malakita ukigusisha ndimu ama siki inakula ile mungao, inabaki na madoa kama ukurutu. Mama yangu aliharibu ile ya ndoa yake siku ya Pasaka, tulikula bila kuongea. Kitambaa yenye maji kidogo, kauka, basi.

mama_mapasa

Bandugu narudi, munisamehe imekuwa wiki tatu, mapasa walipata malaria mumoja kisha mwingine.

Nilifanya kabati. Fundi wa hapa karibu alinilipisha dola 18, mbao ya mikalatusi, milango mibili, na kakingo ka vidole bibili sawa fundi birere alisema. Kabla ya kuitundika nikaenda kwa mama mukwe nikamukuta anakanda goti yake, nikapiga magoti nikamuambia mama, tunataka Biblia ikuwe wazi mu salo, sijui tufungue wapi. Akaniangalia muda murefu. Nikafikiri sasa njo itatoka. Akasema leta miwani. Alichagula Zaburi 121, nitayainua macho yangu niitazame milima, na kisha akacheka mwenyewe, akasema lakini si ile mulima yenu ya hapa, ile haileteke musaada. Bwana yangu alicheka mpaka akatoka inje.

Biblia haiko ndani ya kabati, iko juu yake, wazi kila siku. Milango ya kabati inafunguliwa usiku tukisali mimi na batoto. Saa kumi na moja ya asubuhi, pale yeye anasali, imefungwa. Hakuna mwenye alipanga vile, ilikuja tu. Sanamu bado haipendi, nisiwadanganye, akipita pale anaangalia chini. Juzi mapasa mumoja alimuvuta mukono eti koko uje uone Maria, akasema koko ana kazi, akaenda kupanga sahani zenye zilikuwa zimepangwa.

Papa nimemutundika ku mulango. Hiyo hakusema kitu, na siku ya pili nikamukuta anamupanguza vumbi na kitenge chake, anasema huyu alikuwa mutu wa kucheka, inaonekana. Buji nimeacha. Taa ya betri, nilinunua Birere.

Sasa jana usiku milango ilikuwa wazi, yeye alikuwa amekaa ku kiti na batoto, hakuangalia kabati lakini akauliza, ile pua ilifanya nini. Nikamuhadisia 2002 yote, mutoto ku mugongo, kitenge, chungu, kuanguka mu njia ya Gisenyi. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilifikiri ataniuliza ya Bikira. Akaniuliza, na maharagwe, muliikula?

Sikukumbuka! Nilikuwa mutoto. Asubuhi nimepigia mama Butembo. Anasema waliikula na watu kumi na mbili wenye hawakujuana, pembeni ya barabara, bila chumvi. Na chungu iko, njo anapikia mpaka leo.

fundi_birere

Dola 18 si mubaya. Aliweka misumari ao vise (skrubu)? Ku ukuta ya mbao uweke vise.

binti_kadutu

Kumbe ile chungu njo ilipashwa kuingia mu kabati 😂

mama_mapasa

Mama mukwe amesema vile vile. Fundi, ni misumari, nitamurudisha kesho.